Foleni ya Kiwanda cha Magodoro

Kiwanda cha magodoro kilipofilisika, wenye hisa walilia, Mheshimiwa akapiga mluzi. Cheo hicho hakupewa na mpiga kura yeyote. Alijipa mwenyewe, akaona kinamkaa.

Tangazo getini lilisema mfilisi, aliyekabidhiwa mali ya kiwanda, ataigawa kwa zamu: benki kwanza, kisha wafanyakazi, kisha wadai wengine, na wenye hisa mwisho kabisa. Mheshimiwa aliposoma "mwisho", mate yalimjaa kinywani.

"Ndugu zangu," aliwaambia wenye hisa waliojazana pale, "mwisho ni kwa asiye na mtu. Huyu mfilisi nimekula naye sahani moja. Nitoleeni chochote, niwapeleke mbele ya benki."

Mbele ya benki! Fundi viatu akatoa. Kinyozi akatoa, akakopa, akatoa tena.

Mshonaji mapazia, mama mtu mzima aliyewatunzia wote pale hisa za kikundi chao, hakutoa. Roho ilimuuma, maana akiba ya kuezekea nyumba yake ilikuwa imezama humo. Alimvuta Mheshimiwa pembeni.

"Mwanangu, mbele tukafuate nini? Benki inalipwa deni lake tu, basi. Wenye kampuni ni sisi. Kinachobaki chote ni chetu."

"Chote?"

"Kaulize kwa mwanasheria yeyote."

Akauliza. Ilikuwa kweli tupu, na hakuna chambo kitamu kama ukweli. Alichungulia getini akaona malori, mashine, magodoro hadi darini.

"Mama, hizo hisa mnauza?"

"Hatuuzi."

Alikataa hivyo hivyo mpaka Mheshimiwa akamwaga kila alichokusanya na pikipiki yake juu. Jioni mama akamrudishia kila mtu chake, akauza pikipiki, akaenda kununua bati. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Siku ya mgao Mheshimiwa alisimama mwisho kwa hiari yake, akiwapisha watu kwa adabu. "Tangulia, dada. Tangulia, mzee wangu." Benki ikachukua jengo, mashine na malori. Wafanyakazi wakalipwa magodoro, wakajitwisha. Aliyekuwa akikiuzia kiwanda sponji akaondoka na milango.

Mfilisi akainua macho. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye kampuni!"

"Hongera sana. Basi shika upande huo wa meza tuitoe nje. Nayo ni ya benki."