Mkoba wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Kapita shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu. Akaukuta mkoba wa baiskeli msumarini, akaunusa kama samaki wa jana. Eti, shemeji, huu ni mkoba au shamba la uyoga? Mikoba ni miwili, pacha, ya turubai. Mke wangu aliibebea mayai ya kuuza madukani miaka yote. Baada ya mazishi nilibaki na wa kushoto, yeye akachukua wa kulia. Sasa anadai utunzaji umenishinda, Jumamosi atauchukua na wangu. Mtu mwenyewe masufuria yake yana masizi. Nitaung'arisha mpaka aone haya, anipe na wake.

Jumanne, 5 Machi
Fundi baiskeli kanishauri: brashi kavu kwanza, halafu maji baridi na sabuni kidogo, kisha nianike kivulini. Ushauri wa mtu mwenye kucha nyeusi. Nimeuchemsha pamoja na dawa ya madoa. Ukungu umetoka. Rangi nayo imetoka. Limetoka pia doa la kiini cha yai chini ya kifuniko, la siku ile mke wangu alipoanguka pale kona, nikamkuta bado amekaa chini anacheka. Doa hilo sikulikusudia.

Alhamisi, 7 Machi
Mkoba umekaukia juani. Umenywea, hata mkate hauingii. Rangi nimeirudisha kwa majani ya chai. Imerudi mabaka mabaka. Turubai limeanza kupitisha maji, basi nimeyeyusha mishumaa yote ya nyumbani nikaumwagia. Sasa unasimama wenyewe. Fundi kauliza kama siku hizi nafyatua matofali. Hana hadhi ya kujibiwa.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaja. Kaugonga mkoba kwa kidole, ukalia ko. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya kitaalamu. Hakucheka, nikaingia wasiwasi. Akaupakata, akainua kifuniko, akauliza lile doa la yai liko wapi. Akaenda kwake bila kuaga, akarudi na wa kulia, akaniwekea mapajani. Akasema, kaa nao wewe, shemeji. Mimi kwangu kumejaa watu, wewe huna hata wa kugombana naye. Ila uape: hakuna maji moto, hakuna dawa ya madoa, hakuna mshumaa. Nikaapa.

Jumapili, 10 Machi
Ushindi mtupu. Ameona haya, kama nilivyopanga. Mfuko wa ndani wa mkoba wa kulia bado unanukia marashi ya mke wangu. Nimeunusa asubuhi, na tena baada ya chai. Lakini utunzaji wa shemeji ni aibu: mkanda mzima una grisi ya mnyororo, na yeye anajiita msafi. Kiapo ni kiapo. Maji moto, hapana. Dawa ya madoa, hapana. Mshumaa, hapana. Mafuta ya taa hakuyataja. Nimeshauloweka mkoba wote.