Mume Wangu Haendi Chuo cha Mbali

Jumamosi, tarehe 4 Januari

Mwezi wa pili wa ndoa! Bado nikiamka namtazama mume wangu akikoroma na moyo unanienda mbio. Hata kukoroma kwake kuna mahadhi.

Lakini leo chai imenitumbukia nyongo. Chuo chake kimefuta somo la biashara. Yeye anataka shahada ya biashara na ualimu kwa pamoja, aje afundishe vijana kuendesha duka bila kufilisika. Hilo limemkaa rohoni tangu sekondari. Kwa hiyo lazima ahame. Vyuo viwili viko tayari kumpokea bila kumrudisha mwaka wa kwanza. Kimoja kiko nyuma ya soko letu. Nafika kwa miguu, hata na viatu vya harusi! Kingine ni mwendo wa siku nzima kwa basi, kwenye mji anakofundisha dada yake.

Wifi! Yuko kwetu tangu jana, kajaa kwenye kochi. Akatangaza, kama anasahihisha mtihani, kuwa chuo ni kile cha mbali. Hiki cha nyuma ya soko ualimu wanafundisha vizuri, lakini biashara wanakisia tu. Nikacheka kwa adabu. Moyoni nikaapa: mume wangu haendi popote.

Jumapili, tarehe 5 Januari

Mpango wa kwanza. Baridi! Mji ule una baridi kali, na kifua cha mume wangu ni chepesi kama cha kifaranga. Mimi ni mshona mapazia. Nikachukua mabaki ya pazia la ukumbi wa mikutano, zito, rangi ya damu ya mzee, nikamshonea koti. Refu mpaka vifundoni. Nene hata viwiko havikunjiki. Alivae, ayaonje mateso yanayomsubiri, atishike.

Akalivaa. Akazunguka mbele ya kioo. Akasema hajawahi kupendwa hivi maishani, na sasa baridi ya kule si kitu.

Wifi akasema anafanana na jukwaa kabla mchezo haujaanza. Wakacheka mpaka machozi. Nikacheka na mimi. Ningefanyaje? Mume wangu kanibusu kwenye paji la uso. Na bado anataka kuondoka!

Jumatatu, tarehe 6 Januari

Wifi kaenda zake. Kabla ya kubeba mkoba alisimama kando ya cherehani, akaanza: wifi yangu, kule kuna jambo zuri sana kwa watu kama nyinyi, mliooana juzi juzi. Watu kama sisi! Nikakanyaga cherehani. Akapaza sauti. Nikaongeza kasi. Hata kitambaa hakikuwemo, nilishona hewa! Mwishowe akanipungia mkono, akatoka.

Baadaye natafuta futi yangu ya kupimia, hakuna. Nikamuuliza mume wangu. Akatazama dari, akasema labda imeangukia nyuma ya kabati. Nimesogeza kabati. Vumbi tupu. Kaondoka nayo wifi! Mwalimu mzima, kuiba futi ya mshonaji!

Jumatano, tarehe 8 Januari

Mpango wa pili. Huu una akili. Msajili wa chuo cha nyuma ya soko anataka mapazia ya ofisi. Nimekwenda kupima madirisha (kwa kamba, kwa sababu ya yule mwizi). Nikiwa juu ya ngazi nikamsimulia habari za mume wangu, akili zake, sauti yake, nyusi zake. Msajili, mama wa makamo mwenye miwani ya mkufu, akasema nyusi hawazihitaji, ila kijana wa namna hiyo watampokea hata kesho. Masomo yake yote yatahesabiwa.

Ila kuna sharti moja kwa wanaohamia, akasema, na kama ameoa ni vizuri mjue mapema. Nikamwambia mama, masharti yote tumekubali! Akaniomba nishuke kwanza nisikilize. Nikamwambia mapazia yake nitayatia frili, yale marinda ya juu, bure. Akaanza kuchagua frili. Kwisha!

Ijumaa, tarehe 10 Januari

Mume wangu bado anavutwa na cha mbali. Anasema ana sababu ambayo hawezi kuisema sasa. Sababu! Kwenye tangazo la chuo kile kuna msichana anayecheka na meno yote nje.

Nikalia. Nilianza kwa mpango, nakiri, lakini katikati nikaona nalia kweli. Kitanda kile tulikibeba wawili kutoka kwa fundi, tukicheka njia nzima. Nilale mwenyewe? Akanifuta machozi kwa mkono wa koti. Akasema basi mke wangu, nyuma ya soko. Biashara atajisomea zaidi peke yake. Mchana akaenda kujiandikisha.

NIMESHINDA!

Jumapili, tarehe 12 Januari

Wifi kapiga simu. Eti mapazia nitashona rangi gani. Mapazia gani? Ya nyumba yenu, akasema, nimeshapima madirisha!

Chuo cha mbali kinawapa wanafunzi waliooana nyumba ndogo, na jiko lake. Wifi alituombea moja. Mume wangu alitaka kunishangaza, ndiyo maana akampa futi yangu. Dirisha moja linatazama bustani.

Nikamwambia tumekwishajiandikisha hapa. Kisha akasema usajili wa kule ulifungwa jana. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mume wangu akasogea taratibu, akasema na yeye ana habari. Hapa wanaohamia wote hulala bwenini mwaka mzima, wameoa hawajaoa. Geti linafungwa jua likizama. Wageni ni Jumapili tu.

Jumatatu, tarehe 20 Januari

Nimemwona mpenzi wangu kupitia uzio. Jua la utosi, naye kavaa koti! Anasema ndicho kitu pekee bwenini chenye harufu ya kwetu. Tukashikana vidole kwenye waya mpaka mlinzi akakohoa.

Lakini nina mpango! Chuo kinatafuta mshonaji wa mapazia, mashuka na majoho, na anapewa chumba ndani ya chuo. Ndani! Nikakimbia ofisini. Msajili akasema kwa zile frili kazi ni yangu. Kisha akavua miwani, akaanza habari za tawi lao jipya, mara basi linaondoka saa ngapi, mara nibebe nguo nzito. Watu wa ofisi kwa maneno! Nikamkatiza: mama, nimekubali kila kitu. Nikatia sahihi.

Mume wangu simwambii. Nataka kumshangaza.