Hakuna Kiwavi Atakayeuawa Bila Kutambuliwa

Kwa mamlaka niliyonayo, na kwa furaha isiyo kifani, natangaza kwamba idara yetu ndiyo ya kwanza kukomesha uonevu dhidi ya wadudu waharibifu. Zamani mkulima aliamka asubuhi, akamwona kiwavi juu ya mhindi wake, akamkanyaga. Bila fomu. Bila shahidi. Bila hata kumuuliza Mkurugenzi. Ujinga huo umekwisha. Kuanzia msimu huu, hakuna kiwavi, funza wala kidukari atakayeuawa katika wilaya hii kabla ya kutambuliwa rasmi na Kamati ya Utambuzi. Mwenyekiti wake ni Mkurugenzi. Katibu ni mimi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mkulima anamleta mdudu akiwa hai, ndani ya chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, pamoja na mfuko wa udongo wa shamba lake. Mdudu anakaa chini ya uangalizi siku ishirini na moja, ili tuone kama kweli ana tabia ya kuharibu. Udongo unapimwa, tujue umepungukiwa na nini. Mpaka majibu yatoke, mkulima haruhusiwi kuua, kunyunyiza dawa, kutia mbolea wala samadi, maana atakuwa anavuruga ushahidi. Fomu ni moja tu, imepitishwa kwa saini ya Waziri. Ina kurasa kumi na moja, nakala tatu.

Wapo watu wenye roho mbaya waliosema kwamba kiwavi hatakaa siku ishirini na moja amekunja mikono akisubiri kikao. Hoja hiyo tuliijadili kwa kina. Mkurugenzi alisema, "Haraka haraka haina baraka," tukapiga makofi, ikafungwa.

Mwombaji wa kwanza alikuwa shangazi yangu. Huyu ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Ana ekari moja ya mahindi, na anachovuna hapo ndicho anachokula mpaka msimu mwingine. Hana shamba jingine. Naliandika hili kwa ajili ya kumbukumbu tu.

"Shikamoo, Shangazi," nilimwambia alipofika dirishani kwangu.

"Marahaba, mwanangu. Wamenivamia." Akaweka chupa mezani. Ndani mlikuwa na viwavijeshi saba wanene. "Majani yamekuwa chekeche. Wameingia mpaka moyoni mwa mhindi, pale majani machanga yanapojikunja."

"Umeshawaua wangapi?" nikauliza kwa sauti ya kazi.

"Hata mmoja. Nimekuja kwanza kwako."

"Vizuri sana. Usiwaue."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa asizime moto jikoni. "Nisiwaue?"

"Mpaka watambuliwe."

"Mimi nimewatambua. Hawa ni viwavi."

"Hayo ni maoni yako, Shangazi. Kamati haijakaa." Nikafungua fomu ukurasa wa nne. "Mdudu anafanya kazi gani?"

"Anakula."

"Amewahi kuishi kwenye shamba jingine?"

"Si huyo hapo? Muulize."

Nikaandika: mdudu hakutoa ushirikiano.

Tulipomaliza, nakala moja ilibaki ofisini. Mbili akazikunja, akazifunga kwenye pindo la khanga. "Mwanangu," akasema, "ngoja ngoja huumiza matumbo. Unanihakikishia watu wako watafanya kitu?"

"Shangazi, niamini mimi."

Akaniamini. Hilo linaniuma mpaka leo, na naomba lisiingizwe kwenye kumbukumbu.

Chupa ilipangwa dirishani, chumba cha Kamati, ghorofa ya pili. Wiki ile ile zikaja nyingine, mpaka zikatimia arobaini. Kwa kuwa mdudu aliye chini ya uangalizi ana haki ya makazi bora, kila chupa ilitiwa udongo kidogo kutoka mfuko wa mkulima wake. Udongo wa Shangazi uliobaki ulipimwa kitaalamu: tuliutia kwenye chungu cha ua la Mkurugenzi, lililokuwa limenyauka tangu sikukuu. Ua likasimama. Tukamwandikia Shangazi kwamba udongo wake una afya njema na ni marufuku kuusumbua kwa samadi.

Siku ya tano Kamati ilikuta chupa ya Shangazi ina viwavi watano. Siku ya saba, watatu. Kifuniko kilikuwa palepale. Karani wa mapokezi, dada mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi, ndiye aliyegundua.

"Wanakulana," akasema. "Yule mnene kammaliza mwenzake sasa hivi, hata hakunywa maji."

Mkurugenzi hakuona ajabu. Alisema hata yeye alifika kwenye kiti kile kwa njia hiyo hiyo. Nikaandika kwamba wanne wamepunguzwa kwa utaratibu wa ndani. Siku ya kumi waliobaki wakajichimbia kwenye udongo, wasionekane. Nikaandika kwamba wako likizo.

Siku ya ishirini na moja tukakuta chupani nondo watatu wa rangi ya kijivu, wakipigapiga mbawa kwenye kioo. Chupa nyingine hali ilikuwa hiyo hiyo. Kamati ilikaa kikao cha dharura, chai ikaletwa mara mbili. Tatizo lilikuwa zito. Fomu inasema kiwavi. Huyu ana mbawa. Kwa hiyo faili halina mdudu, na mdudu hana faili.

"Maombi yote arobaini yamekataliwa," Mkurugenzi akaamua. "Wakulima waanze upya, na safari hii walete mdudu mwenye msimamo."

"Na hawa nondo, Mkurugenzi?"

"Hawana kesi. Waachieni."

Jioni, baada ya saa za kazi, nilifungua dirisha, nikafungua na vifuniko. Wakatoka kwa nidhamu. Chini ya dirisha hilo ndipo lilipo Shamba la Mfano la idara, robo ekari, lenye kibao kikubwa kilichoandikwa jina kamili la Mkurugenzi. Mahindi ya humo yalikuwa bado laini, urefu wa magoti, maana mbegu zilichelewa kupandwa zikisubiri saini.

Kesho yake alfajiri nilimpelekea Shangazi barua ya kukataliwa. Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno. Nilitegemea kukuta mabua.

Nilikuta shamba. Mistari mitatu ya upande wa mtaro ilikuwa imeisha kabisa, imebaki vijiti. Ile ndiyo ya wiki niliyomwambia aniamini. Mingine yote ilikuwa ya kijani iliyokolea. Shangazi na majirani zake wanne walikuwa wameinama, kila mmoja na mstari wake. Wanageuza jani, wanaponda mayai kwa kidole gumba, wanachomoa kiwavi, kisha wanatia majivu na mchanga kidogo moyoni mwa mhindi. Kila shina lilikuwa na samadi yake iliyooza vizuri, na kati ya mistari kunde zilikuwa zimetambaa.

"Shangazi, hii yote ni kinyume cha kanuni," nikasema.

"Wiki moja nilikusikiliza wewe. Ukaniliza. Ya pili nikaisikiliza njaa. Hiyo nini?"

"Barua ya Kamati."

Aliipokea, akaipapasa. "Karatasi nzuri hii, ngumu." Akaikunja mfano wa faneli, akaijaza majivu, akaendelea na mstari wake.

Kisheria nilipaswa kumshitaki. Nilichofanya ni kuvua viatu, nikashika mstari mmoja. Nilipofika ofisini nikaandika kwamba viwavi wapatao mia sita wamefariki kwa uzee.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya Waziri. Mheshimiwa anakuja Alhamisi kuona Shamba la Mfano, na akiridhika, Mkurugenzi atapandishwa cheo ahamie makao makuu. Mkurugenzi aliisoma barua amesimama. Akanunua suti. Jumatatu asubuhi Karani akaingia bila kubisha hodi.

"Mkurugenzi, chungulia chini."

Tulichungulia wote. Shamba la Mfano lilikuwa chekeche. Kutoka ghorofa ya pili uliweza kuona kibao vizuri kabisa, hakuna jani lililokikinga.

"Ueni!" Mkurugenzi akapiga kelele. "Nyunyizeni! Kamateni! Mnangoja nini?"

"Hawajatambuliwa, Mkurugenzi," nikasema.

"Mimi ndiye mwenyekiti! Ninawatambua!"

Nikamfungulia kanuni, ukurasa wa tisa, aliouandika kwa mkono wake: mwenyekiti haruhusiwi kuketi katika kikao kinachojadili shamba lake. Na mwenyekiti asipokuwepo, kikao si halali. Akaisoma mara mbili. Akauliza ni mpumbavu gani aliyeandika. Nikamwonyesha saini.

Karani akajisemea kwa sauti ya kusikika, "Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akaagiza kibao king'olewe, kipakiwe kwenye gari, kikasimikwe shambani kwa Shangazi, ambako kijani kilionekana tangu barabarani. Nilitegemea ugomvi. Shangazi alitazama wanavyochimba shimo, akasema tu, "Msikanyage kunde." Kisha akaingia ndani, akatoka na khanga safi na fomu mpya.

Mheshimiwa Waziri alifika na magari manne. Aliangalia mahindi, akaangalia kibao, akampa mkono Mkurugenzi.

"Kazi nzuri! Haya majivu ni utafiti wako?"

"Ni matunda ya mwongozo wa idara, Mheshimiwa. Niliubuni mwenyewe."

"Hebu tuonyeshe."

Mkurugenzi hakuwa amelitegemea hilo. Akasogelea mhindi wa karibu, akatia vidole moyoni mwake, na huko chini alikuwepo kiwavi mmoja tu aliyesalimika, mnono, ambaye alimzunguka kidole. Sauti aliyoitoa Mkurugenzi sijaisikia tena. Aliruka nyuma na suti yake mpya, akavunja mihindi miwili na kulala juu ya kunde.

Shangazi akasogea mbele, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Mheshimiwa, kuna mharibifu mwingine nimemwona shambani kwangu. Ningeweza kumfukuza mwenyewe, lakini kanuni inanikataza. Naomba atambuliwe kwanza." Akatoa fomu, tayari imejazwa, wino wa mstari wa mwisho bado mbichi. Mimi naujua mwandiko wa Karani, aliyekuwa nyuma yake akifunga kalamu.

Waziri akasoma kwa sauti. "Jina la mdudu: Mkurugenzi. Hali yake: hai. Makazi ya kudumu: kiti. Uharibifu uliofanyika: mistari mitatu kwa kukataza, mihindi miwili kwa makalio." Akanigeukia. "Katibu, fomu hii ni halali?"

Nilimtazama mkubwa wangu wa kazi pale chini. Nikaitazama ile mistari mitatu ya vijiti. Nilikuwa naogopa, sifichi.

"Ni halali, Mheshimiwa. Uliipitisha wewe mwenyewe."

Waziri akatafakari. Hakukumbuka kuisoma, lakini saini ilikuwa yake, na kiongozi hawezi kuikana saini yake mbele ya magari manne. Akatoa kalamu. Kwa kuwa hapakuwa na meza, Mkurugenzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anainuka, aliombwa ainame kidogo, na fomu ikasainiwa mgongoni mwake.

Kwa hiyo Mkurugenzi alikaa chini ya uangalizi siku ishirini na moja shambani kwa Shangazi, akipewa udongo wa kutosha. Nilikwenda kila asubuhi kujaza daftari. Siku ya kwanza alitaka kiti. Siku ya nne aliuliza samadi inatoka wapi, akaambiwa, akanawa mikono mpaka jioni. Siku ya tisa alimshika kiwavi bila kufumba macho. Siku ya kumi na tano nilimkuta akimkaripia jirani mmoja kwamba mayai hupondwa upande wa chini wa jani, siyo juu.

Huku ofisini, bila mwenyekiti, Kamati haikuweza kukaa. Chupa hazikupokelewa. Hapakuwa na mtu wa kumkataza mtu, wakulima wakaua viwavi wao na kutia samadi yao kiholela, bila mwongozo wowote, na wilaya nzima ikawa kijani. Sisi kama wataalamu bado tunatafuta chanzo.

Siku ya ishirini na moja nilifika na gari la ofisi. Mkurugenzi alikuwa kwenye mstari wa mwisho, mikono ina majivu mpaka kwenye viwiko.

"Katibu," akasema, "ule mhindi wa tatu usiuguse, bado dhaifu." Kisha akakumbuka siku. Akajipangusa mikono kwenye suruali ya suti. "Nimetambuliwa?"

Nikamgeukia Shangazi, maana kwenye fomu mlalamikaji ndiye anayetoa neno la mwisho. Alikuwa ameketi mlangoni akitafuna hindi la kuchoma, la kwanza la msimu. Safari hii mahindi yangefika msimu mwingine, upungufu ni mistari mitatu tu, na tulishakubaliana nitailipa kwa kulima mimi mwenyewe. Alimkagua Mkurugenzi kuanzia viatu mpaka kofia.

"Hapa hana ubaya," akasema. "Mwache akae."

"Shangazi, ofisi inamsubiri. Kile kiti kiko wazi."

"Ndiyo maana." Akatupa gunzi kwenye kapu. "Akiwa huku chini unamwona anapokula. Ukimrudisha kule dirishani ataota mbawa, mwanangu, na wenye mbawa ndio wanaotaga."

Nikaliandika neno hilo kama lilivyo, nikaligonga muhuri. Nakala tatu.