Malalamiko Kuhusu Kiti cha Meno Kilichoonekana Katika Filamu ya Viumbe wa Angani

Ndugu Mwongozaji wa Filamu,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe na waigizaji wako mko salama, hata wale waliochukuliwa angani na filamu ikaisha bila mtu kutuambia walirudishwa lini.

Mimi ni daktari wa meno. Kliniki yangu iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, na ukumbi wa sinema unaoonyesha filamu yako "Hawakurudi Wote" uko ng'ambo ya barabara. Mtazamaji akitoka pale huku bado anatetemeka, kitu cha kwanza anachokiona ni kibao changu chenye picha ya jino linalotabasamu. Sijawahi kugombana na mtu wa sanaa, na kwa kweli mke wangu huniambia kwamba sigombani na mtu yeyote hata pale ninapotakiwa. Lakini filamu yako imenifungia kazi, na nimeona nikuandikie wewe kabla sijaenda mbele zaidi, ingawa mbele zaidi ni wapi sijui.

Unajua sehemu ninayoisema. Yule mpima ardhi ananyakuliwa barabarani mchana kweupe, na anapozinduka amelala chali kwenye kiti kinachojilaza chenyewe. Juu ya uso wake kuna taa ya duara. Viumbe wawili waliojifunika mdomo na pua wanamwinamia, mmoja ameshika kitu chembamba kinacholia kama nyuki aliyekasirika. Mpima ardhi anataka kupiga kelele, mdomo hautii, umekufa ganzi. Ndugu Mwongozaji, kile ni kiti cha meno. Ni cha aina ileile niliyo nayo. Hata lile beseni la kutemea mate mmeliacha pembeni, mkalipaka rangi ya fedha mkidhani hatutalitambua.

Yaliyonipata ni haya:

1. Wa kwanza kunikimbia alikuwa fundi bomba, mtu mzima mwenye mikono kama makasia, ambaye nimemtibu kwa miaka bila matatizo. Nilikuwa nimeshamchoma sindano ya ganzi, na nusu ya jino lake bovu ilikuwa imeshatoka. Nikavuta taa karibu ili nione nusu iliyobaki. Akafumbua macho. Kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado hai, akasema, "Naomba mniache, nina watoto." Nikamwambia kwa upole, "Mzee, ni mimi, daktari wako wa siku zote." Akanitazama macho yangu juu ya barakoa, kisha akasema, "Hata yule mpima ardhi waliongea naye vizuri hivihivi." Akashuka ngazi na kitambaa changu cha kifuani kikiwa bado kimefungwa shingoni. Nimekiona kikining'inia kwenye kamba yake ya nguo, lakini sijapata ujasiri wa kukidai.

2. Nilidhani yatapita. Watazamaji wako, hata hivyo, hawasahau. Wakitoka kwenye sinema hupanda ngazi zangu wakiwa kikundi, husimama mlangoni, hunong'ona na kupiga picha. Mama mmoja alimuuliza msaidizi wangu, "Kwani nyinyi mnawarudisha lini?" Msaidizi wangu ni dada mtaratibu ambaye hajaiona filamu yako na hakuelewa swali. Alijibu kwa nia njema kabisa, "Inategemea na jino." Jibu hilo limeenea mji mzima.

3. Kisha akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani kusafishwa meno. Alikuja na mume, watoto na shemeji yake, wote wamevaa nguo nzuri. Pale kwenye benchi la kusubiria alimkumbatia mmoja mmoja. Alimkabidhi binti mkubwa funguo za nyumba na kumweleza mumewe vyeti vya watoto viko kabati gani. Mume akaniomba nivue barakoa kidogo, akaniangalia uso kwa muda mrefu, akasema, "Basi. Nikikutana na wewe mahali, nitakujua." Mwalimu mkuu alipokaa kitini aliniuliza swali moja tu, kwamba ubongo huwa natoa kupitia wapi. Nikamwambia mimi nasafisha tu. Akasema, "Na wao walisema wanasafisha," akafumba macho kama mtu aliyesamehe.

Alipotoka, familia ilipiga makofi. Mtoto mdogo alikataa kushikwa mkono mpaka mama yake aeleze nani alivunja redio ya nyumbani na ilitokeaje. Ungedhani yameisha. Siku chache baadaye mume alirudi peke yake, akafunga mlango na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba yule niliyemrudishia si wake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wangu alikuwa hacheki. Huyu anacheka na kila mtu." Ndugu Mwongozaji, nilikuwa nimemsafisha meno vizuri, basi. Ndiyo maana ya kusafisha meno. Lakini ni vigumu kumweleza hivyo mtu ambaye ameona filamu yako na kuielewa.

4. Usidhani nilikaa nimekunja mikono. Nilibadilisha glopu ya taa nikaweka ya rangi ya manjano, na mgonjwa aliyefuata akaniambia sasa inafanana kabisa. Nilimwomba msaidizi aimbe wakati mashine inafanya kazi, kumbe katika filamu kuna kiumbe anayeimba. Nilisimamisha kiti wima ili mtu asilale, nikawa nafanya kazi nimejikunja kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda, na mpaka leo mgongo wangu haunyooki kabla ya saa nne asubuhi.

5. Hili lilipaswa kuwa la kwanza, lakini sikuweza kulianza.

Mama yangu mzazi aliiona filamu yako pamoja na wanawake wenzake wa kikundi cha kushona. Walitoka pale wakiwa wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Baada ya muda si mrefu gego lake la chini likaanza kumuuma. Nikampigia simu aje. Akasema atakuja. Nikampigia tena, akasema shavu limeshapungua. Nilipokwenda kumwona, shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limeanza kufunga, na alikuwa anakunywa uji tu, tena kwa upande mmoja. Wewe si mtu wa fani hii, kwa hiyo nikwambie wazi: jino lililooza namna ile linaweza kumwondoa mtu mzima duniani. Hapo siandiki kwa mzaha.

Nikamsihi twende kliniki. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini ukishavaa ile barakoa na ile taa ikiwaka nyuma ya kichwa chako, sikujui."

Nimesoma miaka mingi ili mama yangu aje aniambie hivyo. Nilitoka nje nikasimama karibu na pipa la maji mpaka nikaweza kurudi ndani.

Nilimkuta ameketi jikoni, kwenye kigoda chake karibu na dirisha, anakata vitunguu, machozi yanamtoka, na sikujua yapi ni ya kitunguu na yapi ni ya jino. Akasema bila kuniangalia, "Hapahapa. Au basi." Nilikwenda kuchukua vifaa na dawa. Nilivichemsha kwenye jiko lake huku ananikemea kwamba nimewasha moto mkubwa mno. Nikampa ganzi. Alishika mwiko mkononi muda wote, akasema ni wa kujihami ikibainika kwamba mimi si mimi. Jua la dirishani lilikuwa linaingia vizuri, gego likatoka zima. Alilitazama kwenye kiganja changu akasema, "Kumbe lenyewe ni kadude kadogo hivi." Kisha akalala mpaka alasiri, na mimi nikaosha vyombo.

6. Ningefurahi kama mambo yangeishia hapo. Lakini kikundi cha kushona hakina siri. Wiki iliyofuata nilipokwenda kumwangalia Mama, nilimkuta fundi bomba ameketi mlangoni na nusu jino lake. Nyuma yake alikuwapo mshonaji mmoja mwenye ufizi unaotoka damu, na nyuma yake hakimu, hakimu kabisa wa mahakama, ameshika shavu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kukanyaga kliniki. Walisema wamesikia kuna daktari wa meno anayetibu jikoni, wakauliza kama namfahamu.

Tangu hapo kazi yangu yote iko kati ya jiko na kabati la vyombo. Kiti changu cha kisasa, kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga kitufe, hukaliwa na msaidizi wangu akisoma gazeti. Mama ndiye mkuu wa kliniki sasa. Huamuru watu wajifute miguu. Huwauliza kama wamekula kabla sijawachoma sindano. Mgonjwa akianza kutetemeka, humkumbatia kichwa kwenye aproni yake na kuniambia, "Haya, harakisha, mtoto wa watu anaumia." Wanaosubiri huwapa vitunguu wakate. Juzi hakimu alikuwa analia machozi mengi, kila mtu akampa pole ya jino, kumbe lilikuwa bado hata halijaguswa.

Na wanaongea nini muda wote huo? Wanaongea filamu yako. Wamegawanyika. Fundi bomba anashikilia kwamba mpima ardhi alirudishwa mwenyewe, mzima. Hakimu anataka ushahidi. Mama anasema aliyerudi si yeye, kwa sababu mkewe alimwekea chakula chenye chumvi nyingi naye akala kimya, na hakuna mume wa namna hiyo. Jana walibishana mpaka nikang'oa jino katikati ya hoja, na mwenye jino akaendelea na hoja yake.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo kwa heshima.

Mwanzoni nilitaka filamu ikatwe ile sehemu ya kiti. Nimefikiri zaidi nikaona haitasaidia, maana walioiona wameshaiona. Watu huogopa mahali walipomwona mwenzao akiteswa. Hivyo basi, dawa ni kuwaonyesha akiteswa mahali pengine. Naomba mtengeneze sehemu ya pili ya filamu, ambamo viumbe wamebadilisha utaratibu na sasa wanawapeleka watu jikoni. Mpima ardhi azinduke akiwa kwenye kigoda. Kuwe na dirisha lenye pazia la maua, na jua. Kuwe na bibi mwenye aproni anayemwegemeza kichwa kifuani na kumwambia kwa sauti nyororo, "Fungua mdomo, mwanangu." Muziki tumieni uleule, unafanya kazi. Filamu hiyo ikionyeshwa hapa ng'ambo, nakuhakikishia jikoni hapatakuwa na mtu, na kiti changu kitajaa.

Najua utaniuliza juu ya majiko ya watu wengine. Nimelitafakari hilo. Inawezekana watu wakaanza kuwakimbia mama zao wakati wa chakula. Inawezekana katika baadhi ya nyumba kusipikwe kabisa kwa kipindi fulani. Kitaalamu hilo si hasara, kwa sababu meno yasiyotafuna hayaozi haraka. Na kama baadaye wenye majiko watalalamika, mnaweza kutengeneza sehemu ya tatu itakayofanyika sebuleni. Hayo mtaamua wenyewe, mimi sitaki kuingilia sanaa.

Niko tayari kutoa ushauri bure kuhusu namna ya kushika koleo, kwa sababu katika filamu yako yule kiumbe mrefu alilishika kama mtu anayegeuza mkate kwenye kikaango, na niliona aibu kwa niaba yake.

Nisalimie waigizaji wote. Nisalimie yule mpima ardhi, viumbe wote wawili, aliyepiga ngoma za kutisha, na aliyechora damu, ambaye anaijua kazi yake. Wasalimie na watu wa nyumbani kwako.

Ni mimi, katika uvumilivu,

Daktari wa Meno
(juu ya duka la vifaa vya umeme, kwa sasa mtanipata jikoni kwa Mama)

Nyongeza: Barua hii niliisahau mezani kwa Mama, na wagonjwa wameisoma kwa zamu kabla sijaitia kwenye bahasha. Mama alisubiri mpaka mtu wa mwisho alipoondoka. Ndipo akaniuliza, huku anafuta meza, "Ukishawatisha hawa, waende wakakae wapi?" Nikamwambia watakuja kliniki, mahali panapofaa. Akasema, "Mimi sijauliza watatibiwa wapi." Akaendelea kufuta ile meza, ambayo ilikuwa imeshakauka. Kisha akasema kwamba tangu tumzike Baba, zilikuwa zinapita siku nzima hajasikia sauti yake mwenyewe, mpaka akawa anasoma kwa sauti maandishi ya kwenye paketi ya majani ya chai.

Mimi mwanawe sikujua. Nilikuwa nampigia simu kila Jumapili na kumuuliza hali, naye anajibu nzuri.

Kwa hiyo, Ndugu Mwongozaji, naomba usifanye lolote kati ya hayo niliyoyaomba. Sehemu ya pili isitengenezwe. Na kama ukumbi wa hapa una mpango wa kuiondoa filamu, tafadhali tumia uwezo wako waendelee kuionyesha, ikiwezekana mpaka mwisho wa mwaka, na sauti waongeze kidogo. Mama pia ananituma nikuulize kama yule anayeigiza mpima ardhi ana jino linalomsumbua, maana anasema alimwona akitafunia upande mmoja. Aje siku yoyote asubuhi. Atakuta watu.