Beda Bado Anachagua

Saleh Korosho ndiye aliyeileta habari kijiweni Mfaranyaki, kainua simu juu kama jogoo wa kuuza.

"Sikieni! Bodaboda wa Njombe siku hizi wanaitwa kwa app. Unabonyeza tu, pikipiki hiyo mlangoni. Sasa Injinia, ya kwetu iko wapi?"

Macho yakamgeukia Beda, aliyejipa uinjinia mwenyewe. Chama cha bodaboda kilitangaza kuwa atakayeleta app inayofanya kazi ataajiriwa kuisimamia, na Beda alishawaambia wakwe watarajiwa kule Madaba kwamba kazi ni yake. Akaipapasa kompyuta yake.

"Bado nachagua mazingira ya kuitengenezea."

"Mazingira gani tena?" akadakia Shakila, muuza kahawa. "Benchi tumekupa, kivuli tumekupa!"

"Dada, wewe mimina kahawa, haya ya wasomi: mazingira ni programu ya kuandikia app. Android Studio ni ya simu za Android. Flutter unaandika mara moja, inakubali mpaka kwenye aifoni."

"Mwenye aifoni apande boda?" Breki, dereva wa bodaboda, akatema mate pembeni. "Huyo ana gari."

"Ndiyo maana mnabaki nyuma! Ila Flutter nayo nimeiacha, inataka nijifunze lugha mpya. Sasa naiangalia React Native."

"Tukipalilia mahindi ulikuwa na Android," Shakila akakunja vidole, "korosho zinaanguka ukahamia kwa Flutter. Leo una mwingine. Kaka, unatengeneza app au unaposa?"

Kijiwe kikalipuka.

"Kwetu Nakapanya," Saleh akasema huku akifuta machozi ya kicheko, "mtu akichagua jembe mpaka nyasi zimgongee mlango, hatumwiti mkulima. Tunampelekea mbuzi wamsaidie kula."

"Chekeni! Fundi hakurupuki!" Beda akafoka. "Mtu hata mlio wa simu hajui kuubadilisha, leo anifundishe mimi!"

Simu ya Breki ikalia. Akaitazama, akavaa helmeti.

"Unakwenda wapi, hatujamaliza!" Beda akamkemea.

"Abiria yuko sokoni. Kaniita kwa app. Ya Leticia, yule uliyesoma naye. Chama kimeipitisha jana, na kazi kapewa yeye."

Watu wakangoja matusi, au kilio.

"Kaitengeneza kwa kutumia nini?" Beda akauliza.

Breki akapiga kiki.

"Sikumwuliza. Nilimwuliza kama inaleta abiria."