Nimepeleka Setilaiti Kwenye Kesi ya Mawe

Nimejiaibisha leo, tena mchana kweupe.

Mnanijua, mimi mtu wa ndani. Shambani naenda kwa kusukumwa, muda mwingi naangalia video za anga kwenye simu. Jirani yangu hapa Kasoli, Nkwabi, akaliona pengo hilo. Akasogeza mawe ya mpaka, akameza matuta yangu ya pamba. (Nimegundua pamba ikiwa imeshaota. Ndiyo hivyo.)

Leo wazee wa baraza wakaja shambani. Mke wangu aliniusia: "Baba Kulwa, sema mawe yamehamishwa, kisha nyamaza." Nikasema. Mashahidi wawili wakaniunga mkono. Kesi ilikuwa yangu!

Nkwabi akanitazama kwa upole wa paka. "Mwalimu, wewe msomi wa nyota. Hivi haya mawe yametulia kweli?"

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasogea katikati.

Nikawaeleza kuhusu setilaiti inayopima nyota ziko wapi. Kwamba haiwezi kusema tu "nyota ile pale", maana yenyewe inakimbia, dunia inakimbia, na saa yake haiendi sawa na zetu za huku chini. Hata mwanga wa nyota ukipita karibu na jua unapinda! Kwa hiyo wataalamu hukubaliana kwanza wanapimia wapi, ndipo hesabu ikae. "Hakuna kilichotulia, wazee wangu! Kutulia kunategemea wewe umesimama wapi!" (Nilinyoosha na kidole juu. Jamani.)

"Hata mawe?" akauliza Nkwabi.

"Hata mawe! Sasa hivi yanakwenda mbio kuliko risasi!"

Nkwabi akawageukia wazee, mikono kifuani. "Mmemsikia mwenyewe. Mawe yanatembea. Mimi nasingiziwa nini?"

Walicheka mpaka mzee mmoja akaomba maji. Mwenyekiti akajifuta machozi. "Ng'wanawane, mwanangu, unalalamika yamehamishwa, halafu unasema yanahama yenyewe. Tushike lipi? Basi yapumzike hapo hapo."

"Lakini yanakimbia pamoja na shamba!" nikapiga kelele. "Ukiwa shambani hayasogei!"

Hapo ndipo nilipokuwa sahihi. Hakuna aliyesikia. Walishaelekea kwa Nkwabi kunywa togwa.

Mke wangu hajaniongelesha mpaka sasa. Mkitaka kucheka, chekeni polepole. Nkwabi yuko hapo nje anapalilia pamba yangu, sitaki ajue na nyie mmesikia.