Khanga Darini

Jumatano, 23 Aprili 2025

Zimebaki siku kumi Jenifer aolewe, na leo saa nne asubuhi dari ya Landrova imeniangukia kichwani, mbele ya soko la Same, nikiwa na abiria. Tena abiria mwenyewe Eliufoo, shemeji yangu. Kati ya watu wote! Kitambaa chote kilishuka kama chandarua, tukabaki mimi na yeye gizani na vumbi lililokusanywa tangu enzi za marehemu Baba. Eliufoo akaniuliza kwa upole kama haya ndiyo maandalizi ya harusi. Upole wake siuwezi. Tangu anunue lile gari jeupe lenye kiyoyozi anaongea na kila mtu kama anaongea na mgonjwa.

Niandike wazi ninachotaka, asije mtu akasema sikujua. Nataka Jenifer, binti yangu wa pekee, aende kanisani Myamba, huko milimani kwa wakwe, ndani ya Landrova hii. Baba alimpeleka dada yangu humu. Alimleta Asteria humu, akawa mke wangu. Jenifer akiwa na miaka mitano alikuwa analala kwenye siti ya nyuma na kusema ni chumba chake, tubishe hodi. Hilo tu. Sitaki shukrani wala hotuba.

Jenifer amesema atapanda, ila nimhakikishie dari haitamwangukia kwenye nywele. Nimemhakikishia. Nimefundisha Stadi za Kazi miaka thelathini na moja, nishindwe na kitambaa?

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda kwa Sadock, fundi viatu, kununua gundi. Sikumwomba ushauri. Akanipa. Akasema dari ya gari inataka kitambaa chenye sponji mgongoni, na gundi maalumu ya kopo inayopatikana Moshi. Nikamkumbusha kwamba nilimfundisha darasa la tano na kwamba kikapu chake cha ukindu kilikuwa na mdomo upande. Akasema anakumbuka, shikamoo Mwalimu. Ilikuwa salamu ya kunifukuza.

Nimelala chali ndani ya gari kubandika pembe moja kwa majaribio. Tone limeanguka kwenye kioo cha kushoto cha miwani. Nikafuta kwa kidole, kidole kikalihamishia kioo cha kulia. Sasa naiona dunia kama kupitia glasi iliyonywewa mtindi. Asteria amesema nikapime macho nipate mingine. Kabla ya harusi? Dari kwanza.

Jumamosi, 26 Aprili

Siti ya nyuma imekwisha. Bibi harusi hawezi kukalia waya. Nimewaza sana, na jibu lilikuwa sebuleni muda wote: kochi la wageni lina sponji nene ajabu. Nimeichomoa kwa nyuma na kujaza magunia matupu mahali pake. Kwa mbele hakuna dalili yoyote. Siti imekuwa kama ya waziri. Nimeikalia nusu saa nzima bila sababu.

Jumapili, 27 Aprili

Siku mbaya.

Kamati ya harusi ilikaa kwetu baada ya ibada. Mchungaji akakaribishwa kwenye kochi. Akazama. Magoti yakabaki usawa wa masikio. Kwa kuwa ni mtu wa heshima, aliendesha sala ya kufungua kikao akiwa humohumo. Asteria alinitazama, nikatazama dirishani.

Halafu suala la usafiri. Eliufoo akasimama kama mjomba wa bibi harusi. Akasema gari lake lipo, limeoshwa, lina ubaridi. Wakanyoosha mikono. Wote! Hata Priska, matroni, ambaye nimembeba bure na magunia yake ya mahindi mara ngapi sijui. Landrova yangu imepangiwa masufuria, kuni na viti vya plastiki.

Nikawaambia mvua zinanyesha, na barabara ya kupanda kutoka Maore si ya gari lenye tumbo chini. Eliufoo akasema kwa upole kwamba barabara imechongwa. Jenifer alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakunitazama. Alisema ni sawa tu, Baba, utakuwa nyuma yetu.

Nyuma yao. Na masufuria.

Kikao kilipokwisha Asteria alijaribu kunituliza. Alinionyesha doti ya khanga aliyomnunulia Mama Tumaini, mama wa bwana harusi. Atamkabidhi palepale Myamba, mbele ya watu. Wiki tatu amezunguka maduka kutafuta maneno yanayofaa, mpaka akayapata: MWANETU SI MZIGO MPOKEENI. Akanisomea mara mbili, machozi yakamlenga. Nikamwambia wiki tatu kwa maneno manne ni nyingi, mimi ningempigia simu. Akaenda kupika makande. Huwa anapika makande akinikasirikia, kwa sababu yanachukua muda na hawezi kutoka jikoni.

Jumatatu, 28 Aprili

Sijakubali. Mvua zikizidi, lile gari jeupe litanasa. Likinasa, nani atakuwa nyuma yao? Kwa hiyo Landrova lazima iwe tayari kwa bibi harusi, masufuria yawe au yasiwe.

Nimekosa kitambaa cha dari. Kila cha madukani hakifai au hakitoshi. Ndipo nilipoikumbuka khanga. Nilikaa na wazo hilo tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana, na kila nilipolipinga lilirudi na hoja nzuri zaidi. Khanga haitapotea, itakuwepo, tena mahali pa heshima. Mama Tumaini ataiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Na mwanangu atasafiri chini ya maneno ya mama yake. Nani kati ya wale wa kamati angewaza jambo kama hilo? Eliufoo na kiyoyozi chake?

Asteria alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nimechukua doti nzima.

Gundi nimepika mwenyewe: unga wa muhogo, maji, moto wa taratibu, koroga mpaka uvutike. Ndiyo tuliyobandikia chati za darasani miaka yote. Pacha mmoja wa doti nimemkata kwa ajili ya milango. Mwingine nimembandika darini, maandishi katikati. Taa ya darini ilihitaji tundu, na kwa miwani hii nimelikata kwa kupapasa, duara safi, ukubwa wa kikombe cha chai, katikati kabisa ya maandishi ili mwanga uyaangukie. Kile kiduara nimefutia gundi mikononi.

Jumatano, 30 Aprili

Dari imekauka! Jua la Same, upepo wa Same, siku moja na nusu, imekuwa ngumu kama ngoma. Nimeigonga kwa kidole, ikaitika. Nimepita kwa Sadock nikagonga mbele yake. Alisema ni muhogo huo, nimenusa. Akauliza kama nimefikiria ukungu wa kule juu. Nikamwambia afikirie soli.

Asteria anatafuta doti yake. Amefungua sanduku mara nne. Nimemsaidia kutafuta kwa moyo wote, hata uvunguni. Mwishoni ameamua kwamba aliisahau kwa dada yake kule Ndungu, siku walipogawana vitenge vya sare ya harusi. Sikumkatisha tamaa.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua milimani. Kutoka hapa sioni mlima, naona wingu tu. Sijawahi kufurahia wingu kiasi hiki.

Jumapili, 4 Mei

Jana sikuandika. Leo naandika yote.

Mpaka Maore msafara ulikwenda vizuri. Gari jeupe mbele na maua yake, mimi nyuma na masufuria yakipiga kelele. Tulipoanza kupanda, mvua. Kona ya tatu, gari jeupe likateleza, likalala ubavu kwenye tope jekundu kama ng'ombe aliyechoka. Eliufoo akatoka na viatu vyeupe. Viatu vikabaki. Sikucheka. Naapa sikucheka, nilishuka tu taratibu, nikafungua mlango wa nyuma wa Landrova, nikahamishia masufuria pembeni.

Jenifer akaja, gauni ameshikiwa na Priska na mama yake. Akapanda. Akakalia siti yangu ya sponji, akaipapasa kwa mkono wenye glovu, halafu akasema hiki ni chumba changu, mbona hamkubisha hodi. Nikashindwa kuwasha gari kwa muda. Asteria alifikiri ni betri.

Tulipanda. Landrova ilipanda kama Baba yuko usukani. Dakika ishirini labda. Nizikumbuke hizo, kwa sababu zilizobaki sizitaki.

Ukungu ukaingia. Nikasikia harufu ya uji. Kwenye kioo cha kati nikamwona Jenifer ameinua uso, anasoma. Midomo yake ilitembea. Asteria naye akageuka, akaitambua khanga yake, akatamka jina langu lote, Zebedayo, jina ambalo halitumii tangu tupate mtoto. Kabla sijaeleza, tukaruka shimo. Dari ikashuka yote, kwa mara ya pili ndani ya siku kumi, safari hii ikiwa mbichi na inanata.

Tulifika kanisani vigelegele vimeshaanza. Jenifer akashuka na khanga imemganda kichwani juu ya shela, uji unamtiririka shingoni. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Mama Tumaini akasogea, akaibandua kwa mikono miwili, polepole, asimng'oe nywele. Na kwa kuwa mwanamke akipewa khanga lazima aisome, akaitandaza kifuani akaisoma kwa sauti: Mwanetu mzigo. Mpokeeni.

Neno SI halikuwepo. Palipokuwa na SI palikuwa na tundu la taa.

Akaliinua tundu usawa wa jicho, akanitazama kupitia hapo. Wote wakageuka. Asteria akafungua mkoba wake akaufunga, hakuwa na kitu cha kumkabidhi. Halafu Mama Tumaini, Mungu ambariki, akasema yeye amebeba magunia ya tangawizi kwenye mlima huu tangu msichana, mzigo huu hautamshinda. Watu wote wakacheka. Tumainieli, mkwe wangu, alicheka mpaka akashika nguzo. Jenifer alicheka kwa meno tu.

Walimwosha shingo kwenye nyumba ya mchungaji, ibada ikachelewa saa nzima. Alipotoka kanisani, gari jeupe lilikuwa limeshavutwa na trekta na kuoshwa. Akapanda hilo.

Wakati wa kuagana aliwakumbatia wote kwa mstari. Alipofika kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini, Baba, kwani nilikuwa mzigo? Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, hatua kwa hatua: miwani, taa, kipenyo cha tundu, jinsi unyevu unavyolegeza wanga. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, najua Baba, ni taa. Akanirekebisha kola, akaenda.

Nimerudi Same na masufuria. Asteria amerudi na Eliufoo.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata miwani mipya. Naona kila kitu, hata nisivyotaka.

Nimetafakari kwa haki nani mwenye makosa. Si mimi. Kiwanda kilichapisha SI katikati ya maandishi, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angeweka taa. Nimeandika malalamiko ya kurasa sita kwa baraza la kata, dhidi ya mwenye duka aliyemuuzia Asteria. Mwenye duka amesema sisi Wapare bwana, hatuwezi kukaa bila kesi. Hiyo nayo nimeiongeza, ukurasa wa saba. Sadock nimemwandika shahidi upande wangu. Hajui bado.

Dari nitairudia. Jenifer akija kusalimia lazima nikamchukue mimi, na mapazia ya sebuleni ni mazito, yana bitana. Huko juu kuna unyevu, kwa hiyo safari hii muhogo nitaweka mwingi zaidi.

Nilipokuwa nasafisha sufuria la gundi nimekiona kile kiduara, kimekauka, kimeng'ang'ania chini ya mfuniko. Nimekisoma bila shida. SI. Asteria amesema maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumamosi. Amesema nikioshe, nikipige pasi, nipande nacho Myamba leo hii kwa basi, kwa mikono yangu, nimpe Jenifer, na nisieleze kitu chochote.

Kwa basi! Nina gari.

Nimekaa nacho mkononi muda mrefu. Kisha nimeona kwamba siti ya dereva ina tundu palepale ninapokalia, linaniminya tangu mwaka juzi. Nimekipaka gundi nikakibandika. Kimeenea kabisa, utadhani kilikatwa kwa ajili hiyo.